Amplifaya Iliyonipa Sauti Nzito

Jumamosi ile bado naikumbuka. Mjomba wangu, ambaye wiki nzima ni mlinzi wa getini huko Sandton na wikendi ni fundi sauti wa kanisa letu, alikuwa amepewa amplifaya mbili za kujaribu na duka moja la Fordsburg. Moja ibaki kanisani, nyingine irudishwe kabla ya saa kumi, duka halijafungwa.

Mimi nilikuwa na hofu yangu. Kesho yake nilipangiwa kusoma matangazo mbele ya watu, mara ya kwanza. Sauti yangu ni nyembamba, inapitia puani, na darasani nikijibu swali wavulana huniigiza. Kwa hiyo Mjomba aliponiita nimjaribie maiki, nilitamani kukimbia.

"Si uweke muziki tu, Tonton?" nikamwambia; kwetu mjomba ndivyo anavyoitwa.

"Muziki wa simu sijue siku waliurekodi ulikuwa namna gani. Nitajuaje mashine inadanganya? Sauti yako naijua toka unazaliwa unalia. Soma kama vile unasemaka nyumbani."

Nikasoma kwanza bila maiki, asikie. Kisha maiki ileile, spika zilezile. Akapima kwa simu ili amplifaya zote mbili zilingane ukubwa wa sauti, maana yenye kelele zaidi hulihonga sikio. Halafu akanipa mgongo asione ninawasha ipi.

Nikaanza na amplifaya nyeusi. Loo! Ikatoka sauti nzito, laini, ya mwanamke mwenye gari lake. Mgongo ukaninyooka wenyewe. Nikasoma mkutano wa akina mama wa Jumatano utadhani ni taarifa ya habari. Mama mmoja wa kwaya aliyekuwa anafagia akapiga kigelegele: "Eeh! Leo tuko na mtangazaji wa redio!"

Nikawasha ya kijivu. Ikatoka sauti yangu mimi, na pua, na zile "s" zangu za kupiga filimbi. Nikajikunja. Nikameza maneno, nikayakimbiza hadi mwisho.

Mjomba akakuna kichwa. "Ya kwanza maneno yanasikika. Ya pili unapotea. Turudishe ya pili."

Nilijua kabisa. Maneno hayakupotezwa na mashine, niliyapoteza mimi. Lakini nilisaidia kuitia ile ya kijivu kwenye boksi, tepu nikaikata kwa meno.

Garini mguu haukutulia. Robot ya Newtown, yaani taa za barabarani, ikatusimamisha.

"Weye uko na nini? Unataka choo?"

"Tonton, sikusoma sawa. Kwa ile ya kijivu nilisikia sauti yangu, nikaona aibu, nikaharibu."

"Na ile ingine?"

"Ile inanifanya nisiwe mimi. Nimeipenda."

Robot ikawa kijani, nyuma wakaanza kutupigia honi. Mjomba hakuondoa gari.

"Eish. Hata mimi nimeipenda. Nilijiuliza, huyu mtoto amekomaa lini?" Akatazama saa, akageuza gari.

Kanisani akafunga nyaya upya, jasho linamtoka. "Sasa soma vibaya zote mbili. Vibaya sawasawa."

Hilo naliweza. Nikanong'ona kwa nyeusi kama ninavyojibu darasani: Jumatano, akina mama na saa tisa vikawa uji mmoja. Nikanong'ona vilevile kwa kijivu: kila neno likafika peke yake, mpaka pumzi niliyovuta katikati.

Mjomba akacheka bila kugeuka. "Huyo njo mtoto wa dada yangu. Na mafua yake."

Nyeusi tuliifikisha Fordsburg mwenye duka akiwa ameshashusha nusu ya mlango.

Jumapili nilisoma. Mtoto wa benchi la mbele alicheka, mama yake akamfinya, nikaendelea hadi tangazo la mwisho. Hakuna aliyeniomba nirudie. Lakini nisijidanganye: ile nyeusi bado naitamani.