Mwisho Jumamosi Ijayo

Harufu ya majani ya maharage yaliyokatwa na jembe bado inanichefua. Wengine wakiisikia wanakumbuka mvua za vuli na chungu cha chakula kipya. Mimi naisikia pamoja na vumbi lililopata joto nyuma ya televisheni na sakafu ya udongo iliyonyunyiziwa maji ili watoto waketi, na papo hapo namwona baba mdogo Gervas kwenye kiti chake cha kamba, rimoti iko gotini, anatutazama sisi badala ya kuitazama picha. Alikuwa mdogo wake baba yangu, na nyumba yake pale Murusagamba ndiyo iliyokuwa ya kwanza upande wetu wa kilima kuwa na sola, betri, televisheni na deki. Watu wazima walimsifu kwamba ana moyo, anawakaribisha watoto wa watu bila kununa. Mimi simpendi. Nilianza kutompenda nikiwa na miaka kumi na mmoja, na sijapata sababu ya kubadilisha.

Mambo yalikwenda hivi. Kila Jumamosi asubuhi, msimu wa palizi ulipofika, watoto kama kumi tulipanda kwake na majembe mabegani. Alikuwa anatupimia kila mmoja ngwe yake, yaani kipande cha shamba cha kumaliza siku hiyo, akikihesabu kwa hatua zake ndefu na kuchomeka kijiti mwishoni. Tulipalilia mpaka jua liwe utosini, tukanawa miguu, tukapewa mihogo na maharage ya kuchemsha, kisha mama mdogo Leokadia, mkewe, akatundika kanga dirishani ili mwanga usiharibu picha. Hapo tukawekewa mkanda. Filamu ilikwenda vizuri hadi pale ambapo hakuna mtu anayekumbuka kupumua, ndipo baba mdogo alipobonyeza rimoti, kioo kikawa cheusi, naye akasema kwa sauti ya mtu anayeaga kanisani, "Mwisho Jumamosi ijayo." Jumamosi ijayo, baada ya ngwe nyingine, alituonyesha kweli ule mwisho na kuanzisha mkanda mwingine. Hakumlazimisha mtu kuja, na hilo ndilo alilowajibu wazazi wachache waliouliza. Ni kweli, hakutulazimisha. Tulijileta wenyewe, tena mbio, na shamba lake la maharage halikuwahi kuota gugu hata moja.

Ujanja wake mkubwa haukuwa huo lakini. Aligundua kwamba watoto wanaobishana wanalima haraka kuliko watoto walionyamaza. Kwa hiyo asubuhi, kabla ya kupima ngwe, alikuwa akituuliza maoni. Nani anasema stelingi atakufa? Kaeni upande huu. Nani anasema atapona? Upande ule. Upande utakaomaliza kwanza ndio utakaokalia mkeka wa mbele. Basi tukashika majembe na kuanza kuchambua filamu kwa midomo michafu kama nini. Tulikuwa wakali. Tulidharau mikanda ambayo watu wanalia muda mrefu bila makamasi. Tulimcheka adui aliyepigwa risasi kifuani na dakika mbili baadaye shati lake ni jeupe. Mmoja wetu aliapa kwamba bunduki zile hazina ukweli kwa sababu risasi haziishi, mwingine akasema mwanamke tajiri hawezi kulala na hereni, na kila hoja ilikatwa pamoja na magugu. Baba mdogo alikuwa akitembea nyuma yetu mikono mgongoni, akitia neno dogo hapa na pale, ubishi ulipotaka kupoa. "Yewe Skola, umesikia alivyosema mwenzako?" Nami nilikuwa nasikia, na jembe langu linakimbia.

Mwenzangu alikuwa Domitila. Tulikaa dawati moja, tulijifunza katekisimu benchi moja, na kutoka kwa baba mdogo tulirudi njia moja mpaka kijito, ambapo mimi nilipanda kushoto na yeye kulia. Hakuna aliyeijua filamu kama yeye. Aliona vitu ambavyo sisi hatukuviona, kwamba saa ya ukutani ilisema saa nne wakati kivuli cha mti kilisema jioni, kwamba mama wa kwenye mkanda alibeba ndoo ya maji bila kumwaga tone kwa hiyo ndoo ilikuwa tupu. Nilimpenda kwa sababu hiyo na pia ilinichoma, kwa sababu akisema kitu wote waligeuka kumsikiliza. Babu yake alivuka kutoka Burundi zamani na familia ikapata shamba ng'ambo ya kijito. Baba yake Domitila alikulia pale, Domitila mwenyewe alizaliwa pale kama mimi, lakini kilimani kwetu watu waliendelea kuuita mji wao "kwa wakimbizi", bila hasira, kama mtu anavyosema kwa mwalimu au kwa fundi. Nami nilisema hivyohivyo nikitumwa kuazima kitu.

Halafu ukaja mkanda wa sanduku jekundu. Ulikuwa wa Kiswahili, hauna bunduki, na mwanzoni tulinung'unika. Mke kijana anasingiziwa na mama mkwe kwamba ameiba, mume anaamini upande wa mama yake, mke anafunga nguo zake kwenye sanduku jekundu na kutoka mvua ikinyesha. Mume anaupata ukweli akiwa amechelewa, anakimbia bila viatu hadi stendi, anamwona mkewe anapanda basi. Anamwita. Mke anageuka mlangoni, anamtazama, mkono mmoja umeshika mlango na mwingine umeshika sanduku. Hapo kioo kikawa cheusi. Jumamosi iliyofuata baba mdogo alituuliza, anashuka au anaondoka? Mimi nilisema anashuka, anarudi kwake. Domitila alisema haendi kokote na yule mwanamume, anaondoka. Ilikuwa mara ya kwanza sisi wawili kusimama pande mbili.

Tulilima siku ile kwa ghadhabu, na upande wangu ukakaa mkeka wa mbele, lakini mwisho hatukuuona. Baba mdogo alisema betri imekaa vibaya, mawingu ni mengi, akatuwekea kipande cha mkanda mwingine wa ngumi. Jumamosi ya pili jua liliwaka kweli na akasema mtu ameazima CD ya mkanda ule. Ya tatu akasema tumalize kwanza muhogo, maana tumeanza kuwa wavivu. Sasa hatukuwa tunapalilia maharage tena. Tulikuwa kwenye muhogo wake, kisha kwenye migomba yake, na wote tumegawanyika, wa kushuka na wa kuondoka, hata shuleni hatukuazimana kalamu. Mimi na Domitila tuliacha kutembea pamoja hadi kijito. Mmoja alitangulia, mwingine akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na sikuwa na viatu.

Jumamosi ya nne tulikuwa tumeinamia migomba, ngwe yake ikipakana na yangu. Domitila alikuwa anaeleza, kwa utulivu wake ule uliokuwa ukiniudhi, kwamba yule mke alikuwa ameshaweka sanduku ndani ya basi, na mtu anayetaka kushuka hatangulizi mzigo.

"Umeliona sanduku lenyewe?" nikamuuliza. "Lilikuwa mkononi."

"Lilikuwa limeingia nusu. Harudi huyo."

Nikanyooka. Nilisikia baba mdogo amesimama nyuma yangu, nilijua anasikiliza, na nilitaka kushinda mbele yake. "Wewe unasema harudi kwa sababu nyinyi mkitoka kwenu huwa hamrudi," nikasema. "Mmezoea."

Baba mdogo akacheka. Alicheka kwa kufurahi, akapiga kofi pajani, akasema, "Huyo Skola, hapo amekupata." Kisha akatuambia tuendelee, jua linakwenda. Domitila alimaliza ngwe yake hadi kwenye kijiti, akaliosha jembe kwenye mtaro, akalifuta kwa jani la mgomba na kushuka kilima kabla ya chakula. Niliuona mgongo wake ukipotea kwenye migomba na nikajiambia ameshindwa hoja. Nilikula mihogo yake pia.

Hakuja Jumamosi ya tano. Katikati ya wiki nikakuta nafasi yake tupu kwenye dawati, na mwalimu akasema familia imehamia Nyamigogo, Biharamulo, walikopata shamba kubwa zaidi. Najua hawakuhama kwa ajili ya maneno yangu. Baba yake alikuwa akitafuta ardhi tangu mwaka uliopita, na mtu hang'oi familia nzima kwa sababu ya ubishi wa filamu. Lakini Domitila alijua siku zote zile kwamba wanaondoka, akaniacha niseme lile neno, akamaliza ngwe yake. Nilitafuta kitu cha kumlaumu nikakosa, na hapo ndipo chuki yangu ilipogeuka na kumtafuta mtu mwingine.

Haikumtafuta muda mrefu. Alhamisi hiyo nilitumwa kwa baba mdogo kurudisha ungo. Yeye hakuwepo. Mama mdogo Leokadia alikuwa barazani anapukuchua maharage, yale yale tuliyoyapalilia, magunia mawili yamesimama nyuma yake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikaketi kumsaidia. Nikamwuliza kama yule mtu amerudisha CD ya sanduku jekundu. Akaniangalia kama mtu anayeulizwa kama mbuzi wameshajifunza kusoma.

"Mtu gani? Ipo hapo ndani," akasema. "Mkanda ule hauna mwisho, Skola. Ni sehemu ya kwanza peke yake. Aliyemuuzia kule Ngara mjini alimwambia kabisa, ya pili hana. Mimi nilimwambia awaambie watoto, akasema acha kwanza muhogo uishe."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, vidole vinaendelea na maganda. Sikulia. Nilipukuchua maharage hadi ungo ukajaa, nikaaga, nikashuka. Sikuwaambia wenzangu. Ningewaambia, ingebidi nikiri kwamba nilimfukuza rafiki yangu shambani kwa maneno, kwa ajili ya mke ambaye hakuna aliyejua alifanya nini, kwenye filamu iliyoishia mlangoni mwa basi. Jumamosi nilisema tumbo linauma. Wenzangu wakaenda, wakalima, na nilisikia hadi nyumbani wakibishana.

Siku hizi naishi Nyamiaga na kufanya kazi ofisini. Saa nne tunakunywa chai, na wenzangu wanatoa simu na kuanza kueleza walichoangalia jana. Huyu anasema mhusika mkuu anaigiza kama amelazimishwa, yule anasema mwanzo mzuri ila katikati inachosha, mwingine akitaka kusema ilivyoisha anapigiwa kelele asiwaharibie. Watu wazima wanaziba masikio wasisikie mwisho, wakati mwisho wanao mfukoni na wanaweza kuusogezea kidole wakati wowote. Mimi nakunywa chai yangu. Wanadhani najidai. Wakinibana niseme maoni yangu nasema sijaiona, hata kama nimeiona mara mbili.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, nilikwenda Murusagamba kumwona baba mdogo, kwa sababu baba yangu aliniamuru. Macho yake yameziba yote mawili. Televisheni imebaki pale pale, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake wameweka picha ya Bikira Maria. Nilimwamkia, akashika mkono wangu na kuupapasa hadi kwenye kiwiko, akauliza kazi, akauliza barabara, kisha akasema, kwa sauti ya kuomba ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Skola, wewe ulikuwa unajua kusimulia. Siku hizi mnaangalia nini? Nisimulie hata moja."

Nikamsimulia. Sijawahi kusimulia vizuri hivyo. Nilichukua filamu niliyoitazama wiki ile, ya mzee anayemtafuta binti yake aliyekosana naye, nikampa kila kitu, nguo, sauti, mvua, mbwa aliyelala mlangoni. Alisogeza kiti. Alicheka palipofaa, alitikisa kichwa palipofaa. Mzee akafika kwenye nyumba ya binti, akabisha hodi, ndani kukasikika hatua zinakuja. Hapo nikasimama, nikafunga kitenge changu.

"Enhe," akasema, uso umeinuka kuelekea nilipokuwa nimekaa. "Akafungua?"

"Mwisho Jumamosi ijayo, baba," nikasema. Nilimwona akielewa. Ilimchukua muda, kisha akafumba midomo na kurudi nyuma kwenye kiti. Nilitoka pale nimeridhika kama mtu aliyekula akashiba.

Mama mdogo Leokadia alinisindikiza. Amezeeka, lakini bado hamwachi mgeni aondoke peke yake, na tulikwenda taratibu hadi kwenye kijito. Hakunigombeza. Alizungumzia mvua, akazungumzia goti lake, kisha akasema Domitila alikuja mwaka jana kwenye msiba wa shangazi yake. Ana watoto watatu, bado wako kule kule Nyamigogo. Alipita nyumbani kumsalimia mama mdogo.

"Alikuulizia," akasema. "Akaulizia na ule mkanda wa sanduku, kwamba yule mke alishuka au aliondoka. Amekuwa akiuwaza miaka yote. Mimi nikaona siyo kazi yangu kumwambia. Nikasema Skola ndiye anayejua."

Akanipa namba ya simu ya Domitila kwenye kipande cha karatasi ya daftari. Tangu siku hiyo ninayo kwenye pochi. Gari la Biharamulo linapita mbele ya ofisi yetu kila asubuhi, namsikia kondakta anavyoita abiria, nami najua linatoka saa ngapi na linarudi saa ngapi. Jumamosi sina kazi. Zimeshapita nyingi, na sijapanda.