Facebook Ilisema Bwana Yangu Amefika Beni

Bwana yangu alipotea mu njia ya Beni. Kisha nikamuona kwenye Facebook, anacheka.

Usiruke mustari. Soma yote.

Ni wakati ile vita ilikuwa inakula batu kati ya Butembo na Beni. Zorobabel, baba ya mutoto yangu Victoire, alipanda minibus ya agence moja ya safari ya Kimemi, hapa Butembo, anaenda kuvuna kakao yetu ya Beni. Ile minibus ilichomwa mu njia. Bengine bakafa, bengine bakapelekwa mu pori. Yeye hakuonekana fasi yoyote. Téléphone yake ikanyamaza.

Kisha page ya ile agence ikatia photo. Batu bamejaa mu minibus, Zorobabel kwenye dirisha, meno inje.

"Bateja wetu bamefika Beni salama! Utukufu kwa Mungu! Njia ni muzuri. Places zinaisha, harakisha!"

Mama-mukwe yangu, Mama Mariette, akapiga vigelegele mu lupango, uwanja yetu nzima.

"Niliwaambia! Mutoto yangu iko muzima! Matanga hapana!"

Na mimi je?

Kama ile publication ni kweli, bwana yangu iko Beni na mwanamuke mwengine, ametusahau, ndiyo maana téléphone yake inanyamaza. Kama ni bongo, uongo tu, amekufa.

Niliomba Mungu ikuwe ni ule mwanamuke mwengine.

Mais nilikuwa nasoma masomo ya mangaribi. Mwalimu alitufundisha: publicité ikikukimbiza, simama, uliza inataka ufanye nini. Hii ilitaka batu bapande.

Nikakuza photo. Bote bamevaa tricot na manteau. Mutoto moja, bonnet mpaka kwenye masikio.

Wee! Nani anashuka Beni mchana na manteau? Kwetu Butembo ni baridi, kule jua inachoma. Kila mutu anavua mbele ya kufika. Ile photo ilipigwa hapa kwetu, mbele minibus itoke.

Nikalia. Kisha nikamuonyesha mama-mukwe.

"Mama Victoire, acha. Zorobabel anasikia baridi tangu utoto."

"Na hawa bengine bote, Mama?"

Akaniangalia.

"Unataka mutoto yangu afe, ili masomo yako ikuwe kweli?"

Nikaenda kwa Apollinaire, mwenye kushika page ya agence.

"Mama, ni publicité tu! Tunabapiga photo mbele ya kuondoka. Bakifika bako na vumbi mwili muzima, nani atapenda kuangalia vumbi?"

"Bwana yangu hakufika."

"Pole sana. Donc... ile kicheko yake inatuletea bateja mingi."

Kesho yake asubui, jirani akaniita mbio: Mama Mariette ameelekea parking ya ile agence. Nikafunga Victoire mu mugongo, nikakimbia.

Nilimukuta amekwisha kaa siti ya mbele, kitunga mu magoti. Nikashika mukono yake kwa dirisha.

"Mama, shuka. Nakuomba."

"Sishuki. Naenda kumuleta."

Téléphone yangu ikatetemeka. Ni ile page. Photo mupya. Mama Mariette mbele kabisa, anacheka vile walimuomba.

"Mama wetu amefika Beni salama! Utukufu kwa Mungu!"

Shofere alikuwa bado hajawasha moteur.

Nikamupitishia téléphone. Akasoma na kidole, neno kwa neno. Akaangalia inje: bauzaji ya mandazi, matope ya Kimemi, mimi.

"Inasema nilishafika?"

"Ndiyo, Mama."

Kisha akanipatia kitunga kwanza, akashuka, akanishikilia bega.

"Tuende tutandike mukeka chini. Tumulilie mutoto yangu."

Niliandika ukweli chini ya ile publication. Bakaufuta. "Amina" za batu zikabakia, zinaongezeka.

Wandugu, mutu akikutangazia amani, uliza kwanza kama iko anauza siti. Usiandike Amina mbele haujasikia sauti ya mwenye kufika.