Mtu wa Mizigo

Harufu ya mpunga uliofungwa kwenye magunia ya katani, ikichanganyika na dizeli na jasho la watu waliobanana kwenye kiti kimoja, ndiyo iliyonifikisha Morogoro nikiwa na umri wa miaka kumi. Tulisafiri siku tatu kutoka Shinyanga, ndani ya lori la rangi ya samawati iliyokwisha kubabuka. Dereva, Mzee Ramadhani, alikuwa mwenyeji wa Morogoro aliyefuata mpunga Usukumani na kuushusha mjini kwao. Mimi na Mama tuliketi mbele pamoja naye. Nyuma, juu kabisa ya magunia, kulikuwa na kitanda chetu kilichofunguliwa vipande vipande, kabati la vyombo, cherehani ya Mama, na Baba mwenyewe. Alivaa koti lake la ofisini na viatu vyeusi vya ngozi alivyovipiga rangi asubuhi ya kuondoka, kama mtu anayekwenda mkutanoni. Vumbi lilipozidi, alijifunga khanga ya Mama usoni. Kila tulipopita kwenye mji nilijikunja chini ya dirisha, nikiomba asitokee mtu wa kumtazama akiwa kule juu.

Baba alikuwa karani wa ghala katika kiwanda cha kuchambua pamba. Miaka ile ilikuwa ya soko huria. Wanunuzi wa kila namna walikuja vijijini na mizani zao, madukani zikajaa sabuni za kunukia na redio tulizokuwa tukizisikia kwa majina tu, na kiwandani wakaanza kupunguza watu. Baba alipunguzwa mwezi wa tatu. Nyumba tuliyoishi ilikuwa ya kiwanda, kwa hiyo nayo tukatakiwa kuihama. Kwao kijijini ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe, na ndugu zake walikwisha kugawana mashamba yeye akiwa ofisini. Ndipo ikaja barua kutoka milima ya Uluguru, ya kaka yake Mama, Mjomba Kosmas. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na mjomba aliandika kwamba lipo eneo la dada yake linalomsubiri, lenye maji karibu, na kwamba shemeji yake asiwe na wasiwasi. Mama aliisoma kwa sauti mara mbili. Baba alitoka nje akakaa kwenye ngazi ya nyuma mpaka chakula kikapoa.

Majirani walisema kwa niaba yake. Nikiwa kisimani nilimsikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Masanja anakwenda kuolewa." Wakacheka mpaka ndoo zikayumba. Sikuelewa sawasawa, lakini nilielewa kile kicheko. Mwanamume aliyetoa mahari ya ng'ombe, sasa anamfuata mke kwenda kuishi kwenye ardhi ya mke. Tangu siku ile nilianza kumtazama Baba kwa jicho jingine, na ninaona haya kuandika kwamba jicho hilo halikuwa la huruma.

Siku ya kwanza tuliishia Singida na ya pili Dodoma, kwa barabara mbovu iliyotutikisa mpaka meno yakauma. Kila tuliposimama, Mama alikanyaga gurudumu, akamnyooshea Baba kikombe cha chai, kisha akammiminia maji viganjani aoshe macho. Hawakuzungumzia tunakokwenda hata mara moja. Walizungumzia kamba, kama zimelegea, na kabati, kama bado lina vioo. Mara moja tu nilimsikia Mama akimwambia, "Baba Leka, shuka ukae ndani, mimi nipande." Baba akajibu, "Mwanamke juu ya magunia! Watu watasemaje?" Mama alicheka kidogo, akakichukua kikombe. Leo ninapowakumbuka naona watu wawili waliokuwa wakibebana kwa uangalifu mkubwa, kila mmoja akichunga asimguse mwenzake penye kidonda. Wakati ule niliona koti lenye vumbi tu.

Dodoma alipanda abiria mwingine. Mama Salha alikuwa mfanyabiashara wa mitumba, basi lake lilikuwa limeharibika, na Mzee Ramadhani alimfahamu. Alikuwa na miwani myeusi, kucha nyekundu na mafuta yaliyonukia kama sabuni mpya. Alinipa pipi ya maziwa, akaniuliza jina, akasema nina macho mazuri. Kabla hatujafika Gairo nilikuwa nimekwisha kumpenda kuliko mtu yeyote mle garini.

Gairo tulishuka kula. Baba alikung'uta koti, akanawa uso, akaketi nasi kwenye benchi la hoteli. Mama Salha akamuuliza, "Kwa hiyo mnahamia kwetu Morogoro, shemeji?"

Baba alisafisha koo. "Nimehamishwa kikazi," akasema. "Ofisi imenileta mjini."

Mama aliacha kutafuna. Aliinamisha uso kwenye kikombe, akakaa hivyo. Ningeweza kunyamaza kama yeye. Badala yake nilisema, "Na tutapewa nyumba yenye umeme."

"Hongereni!" akasema Mama Salha. "Wenzenu siku hizi wanapunguzwa, nyinyi mnahamishwa!"

Baba alinitazama haraka, kisha akatazama pembeni. Uongo ulikuwa wake, lakini mimi ndiye niliyeuwekea paa. Na niseme kweli, nilijisikia vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu kisimani nilikuwa binti wa mtu.

Pale Dumila wachuuzi waliukimbilia mlango wa lori na nyanya na vitunguu. Mama alinunua mkungu mdogo wa ndizi mbivu, akaupakata. Hakusema ni wa nani, na mimi sikuuliza kwa sababu nilijua. Alikuwa hajamwona kaka yake kwa miaka minane. Milima ilipotokea mbele yetu, ya buluu, vilele vikiwa ndani ya wingu, Mama alisahau habari za ofisi na umeme. Alinyoosha kidole, akasema, "Leka, tazama, kule juu ndiko…" Nilimkatiza. Nilimgeukia Mama Salha nikamuuliza jambo kuhusu miwani yake. Mama akakirudisha kidole chake mapajani.

Tulifika Morogoro saa tisa alasiri, lori likaingia kwenye ua wa kushushia mizigo. Mama alikwenda kuomba maji nyumba ya jirani, anawe kabla ya kukutana na watu wake. Baba alikuwa bado juu, akifungua kamba. Mimi nilisimama chini na Mama Salha, karibu na mabegi yake. Ndipo nilipomwona mtu akija kwa haraka kutoka upande wa geti. Alivaa katambuga za matairi, suruali imekunjwa hadi magotini, koti limetoboka viwiko, na rozari shingoni. Miguu ilikuwa na udongo mwekundu uliokauka, na alinuka kabichi. Nilimjua kabla hajasema neno. Alikuwa na mwanya wa Mama, paji la uso la Mama, na alicheka kama Mama, kwa macho kwanza.

"Wewe ndiye Leka?" akauliza, mikono ameinyoosha.

Mama Salha alishusha miwani yake. "Huyu nani, Leka? Mnajuana?"

Nilikuwa na muda wa kutosha kufikiri. Watu husema mtoto hupayuka bila kujua, lakini mimi nilijua. Niliona nyumba yenye umeme ikianguka. Nikasema, "Hapana. Ni mtu wa mizigo."

Mikono ya mjomba ilibaki hewani kidogo, kisha ikashuka. Niliinua macho nikamwona Baba pale juu, ameshika kamba, anatutazama. Alikuwa amesikia. Tulitazamana. Nilimngojea aseme, na hadi leo sijui kama nilitaka aniumbue au anifiche. Baba aliinama, akaendelea kufungua fundo.

"Afadhali," akasema Mama Salha. "Haya baba, nibebee na haya mpaka kwenye teksi ile pale."

Mjomba Kosmas alinitazama mara moja, si kwa muda mrefu. Kisha akachutama, akajitwika furushi la mitumba kichwani, akachukua begi mkononi, akamfuata yule mama. Niliwaona wakivuka ua, viatu vyenye visigino mbele, katambuga nyuma. Kwenye teksi Mama Salha alitoa andazi lililobaki katika safari yake, limefungwa kwenye kipande cha gazeti, akampa. Mjomba alilipokea kwa mikono miwili.

Aliporudi, Mama naye alikuwa ametoka. Alitupa taulo alilokuwa akijifutia, akamkimbilia kaka yake, wakashikana wakisalimiana kwa Kiluguru, maneno marefu yenye vicheko na machozi ambayo sikuyaelewa. Baba alikuwa ameshuka. Alisimama na viatu vyake vyeusi, akafungua mdomo kumsalimia shemeji yake, sauti isitoke. Mjomba alimshika mkono, akamwambia karibu. Kisha Mama akanivuta mbele. "Msalimie mjomba wako. Huyu ndiye niliyekuwa nikikusimulia."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Akalifungua lile gazeti, akanipa andazi. "Kula, mjomba. Huko tuendako ni mbali."

Nilikula lote. Sikuthubutu kulikataa.

Tulipanda pikapu ya mboga mpaka Mgeta, na gari lilipofika mwisho wa njia tukaendelea kwa miguu. Mjomba alijitwika kabati. Baba alibeba cherehani, akiteleza kwenye kila kona, na kabla ya nusu ya kilima soli ya kiatu kimoja ilikuwa imeachia. Hakuna aliyecheka. Juu tulikuta nyumba ya vyumba viwili iliyokandikwa upya, udongo bado ukinukia ubichi. Mjomba alikuwa ameijenga kwa mikono yake. Kwenye matuta yaliyoshuka kama ngazi hadi kwenye kijito, maharage yalikwisha kuchanua. "Nimewapandia," alimwambia Mama, "msianze na njaa." Nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika.

Tuliishi pale mpaka nilipomaliza shule. Baba alijifunza kulima kwenye mteremko, taratibu na kwa makosa mengi, mjomba akimwelekeza. Baadaye vitunguu vyake vilikuwa vikisifiwa sokoni, na watu walimwita Mzee Masanja kwa heshima. Lakini mimi na yeye hatukulitaja jambo lile hata siku moja. Tuliishi nalo kama wezi wawili walioiba kitu kimoja. Mjomba alipoingia, Baba alinyanyuka kumpa kiti, hata kama viti vingine vilikuwepo. Mama alishangaa adabu ile, akidhani ni mila za Wasukuma. Baba alikufa bila kumwambia.

Baada ya misa ya arobaini yake nilikwenda kwa mjomba. Nilikuwa tayari mwalimu mjini, nina watoto wangu. Nilimkuta uani kwake anamenya njegere kwenye ungo. Nikakaa, nikachukua njegere na mimi, nikaanza, "Mjomba, siku ile tuliyofika…"

"Uliponiita mtu wa mizigo," akasema, wala hakuacha kumenya.

Nikasema nilikuwa mtoto.

"Ulikuwa mtoto. Baba yako hakuwa mtoto. Alisikia, na mimi nilimwona amesikia." Akatupa maganda pembeni. "Nilipokuwa nimebeba furushi la yule mama niliapa, nikirudi namwambia dada yangu apakie vyombo vyake arudi alikotoka. Ile nyumba nitafugia mbuzi."

"Mbona hukusema?"

"Nilirudi nikamkuta baba yako amesimama, anataka kunisalimia, mdomo umemshinda. Nikaona huyu amekwisha kufedheheka kiasi cha kumtosha. Nikiongeza langu, nitamuua."

Nilimuuliza kama alinisamehe. Alifikiri. Nilitaka ajibu haraka, naye akamenya njegere mbili tatu kwanza.

"Nilikusamehe," akasema. "Kusahau ndiko kulikonishinda. Hata leo ukinikuta mbele za watu, huwa nasikiliza kwanza utaniitaje."

Siku hizi ile safari ya siku tatu basi huimaliza kwa siku moja, juu ya lami, abiria wakitazama simu zao. Walimu wenzangu wawili, wanaume, wamejenga kwenye viwanja vya wake zao na hakuna anayewacheka. Wanafunzi wangu nikiwaeleza kwamba zamani mtu aliweza kudanganya njiani kwa sababu ya koti na nyumba yenye umeme, wananiangalia kama nasimulia habari za nchi nyingine. Mambo yaliyotutia aibu yamepungua uzito. Nililolifanya mimi halijapungua.

Mwezi uliopita mjomba aliteremka mjini kwa daktari wa macho, akapitia shuleni. Alisimama kwenye mlango wa ofisi ya walimu, kofia mkononi, viatu vina udongo. Niliinuka upesi mpaka kiti kikaanguka. "Huyu ni mjomba wangu," nikasema, "kaka yake mama yangu, aliyetupa mahali pa kuishi." Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Walimu wote waligeuka, mmoja akacheka kwa mshangao, na nikatambua kwamba sikuwa nikisema kwa ajili yake. Mjomba aliwasalimia mmoja mmoja. Kisha akaketi mahali nilipomwonyesha, akaniambia kwa upole nisipige kelele hivyo, watu wako kazini.