Helikopta Kwenye Zizi la Yotham

Nesi Sidonia alikuja kwetu Bahi kutoka Iringa na sanduku moja la bati na maneno mengi, akapewa zahanati ya vyumba viwili. Hiyo ni miaka ishirini na sita sasa. Tangu hapo, mtoto wa kijiji hiki ambaye hakupita mikononi mwake basi alizaliwa safarini. Majivuno alikuwa nayo, na wala hayakumkaa vibaya.

Mwezi wa tatu, mwaka ule wa mvua kubwa, Ruthu mke wa mwalimu alijifungua salama saa sita mchana, lakini kondo la nyuma likagoma kutoka. Damu ikawa haikatiki. Sidonia akamchoma sindano, akamtundikia dripu, akajaribu kulitoa kwa utaratibu aliofundishwa. Wapi. Mto ulikuwa umekata barabara tangu juzi, na trekta lililotumwa lilikuwa limezama topeni hadi tumboni. Mikono yake ilitaka kujaribu tena, maana katika miaka yote hiyo hakuwahi kuomba ndege. Akaitazama khanga ya pili iliyoloa damu, akachukua simu.

“Damu imezidi, presha inashuka, na barabara hakuna,” alimwambia daktari wa wilaya. “Naomba helikopta sasa hivi, angali anaongea. Nikisubiri azimie, nitakuwa nimeita ya kubeba maiti.”

Daktari hakubisha. Aliuliza mapigo ya moyo, kundi la damu, na kijiji kilipo kwenye ramani ya simu. Baadaye kidogo rubani mwenyewe akapiga. Alitaka uwanja mgumu, tambarare, hatua thelathini kila upande, pasiwe na nyaya, miti wala nguo zilizoanikwa. Na iwe kabla jua halijazama.

Watu wote wakaonyesha uwanja wa shule, ulivyokuwa umependeza kwa majani. Sidonia alikuwa ameshaanza kwenda, ndipo Penina, mama mfugaji, akamwambia taratibu, “Nesi, pale ng'ombe hawalali.”

Ikatosha. Udongo wa mbuga huo, juu nyasi, chini tope la kumeza punda. Ardhi iliyokuwa inashika ilibaki moja tu, mwinuko wa zizi la mzee Yotham. Lakini zizi lilizungushiwa miiba, na upepo wa helikopta ungeitupa miiba yote usoni mwa watu.

“Shikamoo mzee. Nimefuata zizi.”

“Marahaba. Unataka ng'ombe wangapi?”

“Ng'ombe wako malishoni, waache huko. Nataka zizi lenyewe, na miiba yote iondoke.”

Yotham akaanza utani wa makabila yetu. “Nyie Wahehe vita haviwaishi. Mmemkosa Mjerumani, mmeniona mimi.”

“Mtani, Ruthu anaisha. Nitalijenga upya kwa mikono yangu.”

“Mikono hiyo ya glovu?” akasema Yotham, lakini tayari alikuwa ameshika tawi la kwanza anavuta.

Miiba ikaburutwa mbali. Pembeni wakawasha samadi itoe moshi, rubani ajue upepo unakovuma. Sidonia akawapanga watu nyuma ya nyumba, akawaambia akina mama wakaze khanga zao. “Hakuna kusogea mpaka rubani aite. Na kule mkiani mwa ndege asipite mtu, hata awe na haraka ya namna gani.”

Helikopta ikatua, ikatupaka samadi wote bila kubagua. Ruthu akapandishwa na machela, mtoto akabaki kwa bibi yake, ikanyanyuka ikaenda.

Ng'ombe wakarudi jioni, wakaingia zizini. Sidonia na Yotham walikuwa wamerudisha miiba, wamebakiza lango tu, mikono ya nesi imechanika vibaya, simu ikalia. Daktari akasema kondo limetoka, Ruthu kaongezewa damu, na anauliza mwanawe kanyonya nini.

Sidonia akakaa chini palepale kwenye samadi, na gauni lake jeupe, akafunika uso kwa mikono.

Yotham akaweka chini tawi la lango. Halafu akasema, “Hapo ulipokaa ndipo penye lango. Wewe kaa tu, mtani. Ng'ombe hawatapita.”