Mama Yangu na Msichana wa Begi

Ilikuwa miaka ya ruksa. Mitumba ruksa, redio za kaseti ruksa, kwenda Nairobi kufuata bidhaa ruksa. Nyumbani kwetu Themi kila kitu kilikuwa ruksa isipokuwa mimi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nauza nguo na mama yangu soko la Kwa Mrombo, na nilichokitaka kuliko vitu vyote ni kupanda basi la Namanga pamoja na kina mama wanaofuata bidhaa, nikaone nchi ya watu. Nilikuwa nimeshaomba mpaka nimechoka. Mama alinijibu lile lile kila mara: msichana wa Kichaga, tena ambaye mama yake anaimba kwaya ya usharika, hazururi barabarani. Watu watasema.

Julai ya mwaka ule akatokea yeye.

Sisi wa Arusha tunaijua Julai. Mawingu yanaukalia Mlima Meru tangu asubuhi na baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Yeye hakuijua. Alifika kwenye meza yetu anatetemeka, amevaa kaptula, mgongoni begi kubwa lililompita kichwa, anatafuta sweta. Alikuwa ametoka Ulaya, kwenye barafu yenyewe, akaziacha sweta zake kwao kwa sababu aliambiwa Afrika ni joto. Sasa akanunua sweta iliyotoka huko huko kwao, ndani ya robota la mitumba. Tena alilipa bei aliyotajiwa bila kuomba apunguziwe. Mama hakuwa amezoea mteja wa namna hiyo, akaona aibu kama mtu aliyemdhulumu mtoto. Akamwongezea soksi, kisha akaniambia nimuulize amekula nini. Jioni tukarudi naye nyumbani, na kitanda changu kikawa cha watu wawili.

Tulikuwa rika moja. Alikuwa ameshavuka nchi tatu peke yake na lile begi, analala popote anapokaribishwa. Mama alipoyasikia hayo kupitia Kiingereza changu cha shule, alijipiga paja kwa furaha.

“Mtoto jasiri huyu,” akasema.

Nilijuta kutafsiri.

Mwanzoni nilijifariji kwamba ataharibu tu. Na kweli aliharibu. Alimwamkia kila mtu shikamoo, hata mtoto wa jirani ambaye alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Yule mtoto akakimbia kujificha nyuma ya choo. Siku ya kwanza alisema ameshiba kabla hajaonja chochote, mama akaniita pembeni kuniuliza ni nani kati yetu aliyemkosea mgeni. Alikuwa na tabia ya kujifungia chumbani mchana ili awe peke yake, na kwetu mtu anayejifungia mchana ni mgonjwa, basi mama akawa anampelekea uji. Kubwa kuliko yote, alifua nguo zake za ndani akazianika kwenye kamba ya mbele, inayotazamana na barabara. Mama alitoka na kanga, akaitandaza juu ya kamba kuzifunika, akarudi jikoni bila neno. Zingekuwa zangu, ningeyasikia hayo mpaka Krismasi.

Hapo ndipo roho iliponiuma sana. Makosa yake yalichekewa, na kila alichopatia kilitangazwa sokoni. Alipojifunza kupaka mafuta mikononi kabla ya kumenya ndizi, ili utomvu usimgande, wateja wote walipewa habari. Mimi nilikuwa namenya ndizi za supu ya mtori tangu nikiwa darasa la pili na sikumbuki kutangazwa. Jioni mama alimfundisha Kichaga. Mimi niliyekulia mjini Kichaga changu kilikuwa cha kusikia zaidi ya kusema, na mama alishakata tamaa na mimi zamani. Sasa msichana wa watu anamaliza kula, anainama, anasema, “Aika mae,” asante mama, na mama anayeyuka. Akaanza kumwita mwanangu. Nilinuna siku nzima, na hakuna aliyeona, kwa sababu nyumbani kwetu mimi nilijulikana kwa kununa.

Siku moja akasema anataka kuona upande wa pili wa mlima. Asubuhi akaondoka peke yake kwenda Oldonyo Sambu. Hakurudi siku hiyo. Mama alimwombea wakati wa chakula, basi. Kesho yake jioni akaingia, vumbi mpaka kwenye kope, mkononi kibuyu cha maziwa alichopewa na familia ya wafugaji iliyomlaza. Mama alikishika kile kibuyu kwa mikono miwili, akakisifia, akamsifia aliyekileta, akasema huyo ndiye mtoto anayejua kuishi na watu. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimechelewa kutoka mazoezi ya kwaya kwa sababu ya mvua, mama akanisubiri mlangoni kama askari.

Sikuyagusa yale maziwa. Yalikuwa yanatoa harufu nzuri ya moshi, na nilikuwa na njaa.

Alipotangaza kuwa anaondoka kwenda Nairobi, nikaona mlango wangu umefunguka. Nani atasema nazurura, wakati nasindikiza mgeni wa mama? Nilimwambia yeye kwanza, akafurahi, akanikumbatia, nami nikamkumbatia huku bado sijamsamehe. Kisha nikamfuata mama jikoni, akiwa anachambua maharage. Nilimweleza kila kitu kwa utaratibu: nitaenda naye, nitafikia kwa kina mama wa bidhaa anaowafahamu, nitarudi nao. Mama aliendelea kuchambua.

“Hapana,” akasema.

Nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza kwa nini mwenzangu anazunguka dunia nzima anaitwa jasiri, na mimi nikitaka kufika Nairobi tu naitwa mzururaji. Nikamwambia kama anapenda wasichana wanaotembea, anaye mmoja hapa hapa.

Mama akaacha maharage.

“Yule namsifu kwa sababu si wangu,” akasema. “Akipotea, mimi nitasikitika, nitasali, nitalala. Wewe ukipotea nitalala wapi?”

Najua sasa kwamba hayo yalikuwa maneno ya upendo. Siku ile niliyasikia kama kufuli. Nilitamani, angalau kwa wiki moja, nisiwe wake.

Asubuhi ya safari tulimsindikiza stendi, mama na mimi. Mama alikuwa amebeba mfuko wa nguo za kupeleka sokoni, mimi nimebeba ndizi za kuchoma za mgeni. Pale kando ya basi mama alisali kwa jina la Yesu, sala ndefu ya Kilutheri yenye madereva na matairi ndani yake. Baada ya amina nikadhani tumemaliza. Lakini mama akatazama huku na huku, kama anayeogopa kuonwa na mzee wa kanisa, akaishika mikono ya yule msichana, akaifunua viganja juu, akavitemea mate mara nne, mepesi, kama mtu anayepuliza vumbi.

Nilikuwa nimesikia tu habari za jambo hilo. Ndivyo bibi yangu alivyombariki mama kule mlimani Kilimanjaro alipoolewa na kuhamia Arusha. Wazee walimfanyia hivyo mtu anayekwenda mbali, ili arudi. Mimi sikuwahi kufanyiwa, kwa kuwa sikuwahi kwenda mahali.

Msichana alishtuka, akatabasamu kwa adabu, akasema aika mae. Alipopanda na kukaa dirishani nilimwona akitoa kitambaa mfukoni na kufuta viganja, kimoja baada ya kingine, taratibu, asionekane. Mama naye aliona.

“Hajui,” akasema, na bado akampungia mkono mpaka basi likakata kona.

Tulibaki tumesimama kwenye moshi wa lile basi. Nikamnyooshea mama viganja vyangu viwili.

“Nitemee na mimi.”

Alivitazama. Nikaona midomo yake inakusanyika, nikadhani atafanya. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, “Unakwenda wapi?”

“Popote, mama.”

“Hapo sipajui,” akasema, akaniwekea mfuko wa nguo juu ya vile viganja.

Nikaupokea. Tukashika njia ya Kwa Mrombo, yeye mbele, mimi nyuma, na njia nzima nilimwonea yule msichana wivu, si wa basi tena wala wa Nairobi. Nilimwonea wivu wa mate ya mama yangu, ambayo yeye alikuwa ameshayafuta.