Uzi Uliosogea Kitabuni

Fundi cherehani alinogewa na riwaya ya enzi za kale. Binti wa tajiri anampenda fundi saa, na mchumba aliyechaguliwa na baba yake anakutwa amekufa bustanini. Fundi alimshuku shangazi wa binti, yule mwenye maneno matamu kupita kiasi. Kila akitoka kazini alisoma kurasa chache, kisha akaweka kipande cha uzi pale alipoishia.

Siku moja alikuta uzi umesogea.

"Baba watoto, umegusa kitabu changu?"

"Mimi na mapenzi ya kale, wapi na wapi?" mumewe alijibu huku akikwepa macho yake.

Jibu hilo halikumwingia akilini. Kesho yake alifunga kibanda mapema, akavua viatu mlangoni na kunyata hadi chumbani kwa mama mkwe, ambaye macho yake yamepungua nguvu. Mumewe alikuwa ameketi kitandani, akimsomea mama yake kwa sauti.

"Rudia hapo wanapoagana," mama mkwe alisema. Mlango ukalia. "Mkwe wangu, njoo ukae. Muuaji ni fundi saa, naapa!"

"Mama, ni shangazi!"

Mume alicheka chini kwa chini. Fundi akamtupia jicho.

"Wewe umeshafika mwisho, siyo?"

"Wala!"

Hakumwamini. Alimpokonya kitabu, akajibana katikati yao na kuendelea kusoma yeye. Siku ya tatu muuaji akajulikana: baba wa binti mwenyewe. Wanawake wawili walipiga yowe. Mume hakushtuka hata kidogo.