Mkono wa Zaituni

Nakumbuka Jumapili moja ya ligi ya sataranji, mwanangu, na kila nikiikumbuka naona haya kana kwamba ni jana. Usinicheke. Hata mimi nilikuwa msichana, tena mwenye kiherehere cha kushinda.

Klabu yetu ya Kabuga ilikuwa hoi. Nisiposhinda mchezo ule wa mwisho, tunashuka daraja. Wenzangu walikuwa nje wakinisubiri. Mpinzani wangu alikuwa Zaituni, muuza vitambaa wa klabu ya Biryogo, nayo ikiwa hatarini kushuka kama yetu, rafiki yangu wa kukumbatiana na kuulizana habari za nyumbani.

Tulicheza mpaka ubaoni pakabaki wafalme wawili na askari wawili waliozibiana njia. Hapakuwa na mshindi pale.

"Dada, iko sare hii, tuache," akaninong'oneza, akanyoosha mkono. Nikaupokea.

Wewe unajua, kwetu mkono hutolewa kwa sare, na hutolewa pia na aliyekubali kushindwa. Mwamuzi alikuwa meza nyingine, akaona mikono tu. Alipokuja kuuliza matokeo, mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshaanza kuzoa kete.

"Nimeshinda," nikasema. "Amenipa mkono."

Zaituni hakumtazama mwamuzi. Alinitazama mimi. "Sema kweli, dada. Tumepatana nini?"

Nikainama, nikaendelea kupanga kete. Mwishowe akamwambia mwamuzi, "Andika vile anasema," akachukua mkoba wake. Klabu yao ndiyo iliyoshuka. Jioni wenzangu walininunulia mishikaki, nami nikawarudishia sahani nzima.

Ilinichukua miaka kwenda dukani kwake kumwomba radhi. "Nimekusamehe zamani, dada. Kaa tunywe chai," akasema, na najua hakudanganya. Lakini niliponyoosha mkono kumuaga, wake aliuweka kifuani, akatabasamu. Hadi leo ni hivyo hivyo. Wateja wote anawapa mkono, kwangu mimi anauweka kifuani pake.

Mwanangu, kesho unaichezea klabu. Ikibidi kushindwa, shindwa, urudi nyumbani ule ulale. Na tamaa ikikuponyosha ulimi, jirudi useme kweli mwamuzi akiwa bado ameshika kalamu. Ukichelewa utasamehewa, ila kuaminiwa ni jambo jingine kabisa.

Nenda salama. Mungu akujalie mkono ambao hakuna atakayesita kuupokea.